Wanapokwambia nyumba imechukuliwa: Jinsi mashirika ya haki yanavyonasa ubaguzi wa makao

“NYUMBA imechukuliwa.” Hakuna aliyewahi kutafuta chumba cha kupanga mjini ambaye hajaambiwa maneno hayo, na mara nyingi huwa ni ya kweli. Nyumba nzuri hazikawii. Anayeambiwa hivyo hushukuru, akageuka na kushika njia kwenda kubisha lango jingine.

Zipo nyakati, hata hivyo, ambapo nyumba haijachukuliwa na yeyote. Ufunguo ungali kwa bawabu, na kibao cha kutangaza nafasi hakijaondolewa ukutani. Kilichotokea ni kwamba mwenye nyumba, au ajenti wake, amelisikia jina la anayeuliza, ameitambua lafudhi yake, ameiona rangi ya ngozi yake au hijabu aliyovaa, na akaamua kimoyomoyo kwamba mtu huyu hamtaki. Hakumtusi. Hakumfukuza. Pengine hata alimpa pole na kumtakia mafanikio kwingineko.

Hapo ndipo penye ugumu wa ubaguzi wa aina hii. Anayenyimwa nyumba kwa uongo wa adabu huondoka asijue kwamba amebaguliwa, na hata akishuku, shuku si ushahidi. Ili kuubaini uongo huo ingempasa awe watu wawili kwa wakati mmoja: yeye mwenyewe, na mwenzake anayefanana naye kwa kila hali isipokuwa ile moja inayochukiwa.

Nchini Marekani, ambako vita dhidi ya ubaguzi wa makao vimepiganwa mahakamani kwa zaidi ya karne moja, mashirika ya kutetea haki za kiraia yalikitegua kitendawili hicho kwa njia nyepesi kuliko ambavyo mtu angedhani. Yalimtafuta huyo mtu wa pili na kumtuma. Ni mbinu ambayo Wakenya wanaoishi ng’ambo wana sababu nzuri ya kuifahamu, na ambayo sisi tuliosalia nyumbani tungefaidika kuichunguza kwa makini.

Kesi ya Richmond

Mnamo Machi 1978, mwanamke mmoja mweusi alifika katika ofisi ya kampuni ya Havens Realty, viungani mwa jiji la Richmond katika jimbo la Virginia, akaulizia nyumba ya kupanga. Kampuni hiyo ilikuwa na makundi mawili ya nyumba yaliyopakana. Katika moja, lililoitwa Camelot, karibu wakazi wote walikuwa Wazungu; katika jingine, Colonial Court, kulikuwa na mchanganyiko. Mwanamke huyo aliambiwa hakuna nafasi. Mzungu mmoja aliyefika kuuliza swali lilo hilo alielezwa kwamba nyumba zipo.

Jambo hilo halikutokea mara moja tu. Lilitokea tarehe 14, likatokea tena tarehe 21, na tena tarehe 23 ya mwezi huo. Julai 6 mwanamke yule alirudi na kupewa jibu lile lile, ilhali siku hiyo hiyo Mzungu mwingine aliambiwa nafasi zipo. Wiki moja baadaye, mwanamume mweusi aliyekuwa akitafuta nyumba kwa dhati aliambiwa kwamba Camelot kumejaa, ila angeweza kupata nyumba kule Colonial Court. Kwa maneno mengine, aliyekuwa mweusi alielekezwa kwa weusi wenzake, bila mtu yeyote kutamka neno rangi.

Mwanamke yule wa kwanza na Mzungu aliyemfuata hawakuwa wakitafuta nyumba hata kidogo. Walikuwa wametumwa na shirika la Housing Opportunities Made Equal, au HOME kwa ufupi, lililoanzishwa Richmond mwaka 1971 kupigania haki ya kila mtu kupata makao bila ubaguzi. Watu wa namna hii huitwa wapimaji. Januari 1979, wapimaji hao wawili, yule mtafuta nyumba wa kweli na shirika lenyewe walifika mahakamani wakiwa washtaki wanne kwa pamoja.

Utetezi uliotolewa dhidi yao haukuwa wa kijinga. Wapimaji hawakutaka nyumba, kwa hivyo walinyimwa nini? Walijua kabla ya kubisha mlango kwamba huenda wangedanganywa, kwa hivyo walilaghaiwa vipi? Nalo shirika, ambalo halilali wala haliamki katika nyumba yoyote, liliumizwa wapi? Jaji wa kwanza aliyewasikiliza aliitupilia mbali kesi yao. Mahakama ya rufaa ikaifufua, na mwishowe ikafika katika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Uamuzi wa kesi hiyo, Havens Realty dhidi ya Coleman, ulitolewa Februari 24, 1982, na majaji wote walikubaliana. Jaji William Brennan, aliyeuandika, aliyatazama maneno ya sheria ya makao ya mwaka 1968 na kuonyesha jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita. Sheria hiyo haikatazi tu kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake. Inakataza pia kumwambia mtu yeyote, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba nyumba haipo ilhali ipo. Kuambiwa ukweli, basi, ni haki inayojitegemea. Aliyeambiwa uongo ameumizwa na uongo wenyewe, awe alitaka kuhamia hapo au hakutaka.

Mantiki hiyo ilikuwa na makali ya pande mbili, na majaji hawakuikwepa. Kwa kuwa Mzungu aliambiwa ukweli kila alipouliza, hangeweza kudai fidia kama mpimaji, yeye hakudanganywa. Shirika, kwa upande wake, liliruhusiwa kushtaki kwa sababu ubaguzi wa kampuni ulikuwa umelilazimu kutumia fedha na watu wake kuufichua na kuukabili, badala ya kuwashauri waliokuja kutafuta msaada wa kupata makao. Tangu siku hiyo, mashirika ya aina hiyo kote Marekani yalipata mlango wa kuingilia mahakamani yakiwa na jina lao wenyewe.

Upimaji unavyofanywa

Kazi ya upimaji yahitaji nidhamu kuliko ujasiri. Shirika huwachagua watu wawili walio sawa kadiri iwezekanavyo: umri unaokaribiana, mapato yanayolingana, kazi za hadhi moja, familia za ukubwa mmoja. Ikiwa kuna tofauti ya kipato, yule anayetarajiwa kubaguliwa ndiye hupewa kipato cha juu kidogo, ili mwenye nyumba asije akajitetea kwamba alihofia kodi kucheleweshwa. Kinachobaki kuwatofautisha ni kile kinachopimwa peke yake: rangi, lafudhi, dini, kiti cha magurudumu au mtoto mgongoni.

Mmoja hutangulia, mwingine akafuata baada ya muda mfupi, siku hiyo hiyo. Hawashauriani, na mara nyingi hata hawajuani. Kila mmoja, akitoka, huandika papo hapo yaliyotukia: alipokewa na nani, aliambiwa nyumba ngapi ziko wazi, kodi ni kiasi gani, amana ya miezi mingapi, atahamia lini, alionyeshwa vyumba au aliachwa asimame mlangoni, aliulizwa hati gani. Haandiki maoni yake wala hasira zake. Msimamizi ndiye huziweka taarifa hizo mbili pamoja na kuzilinganisha. Tofauti ikijitokeza, jaribio hurudiwa kwa watu wengine, maana mara moja huenda ikawa bahati mbaya. Nyumba ya mwisho yaweza kweli kuchukuliwa saa nne asubuhi.

Wapo wanaosema huu ni mtego. Mtu anajifanya mpangaji ilhali si mpangaji, na mwenye nyumba anapotezewa wakati. Hoja hiyo inaeleweka, lakini si nzito. Afisa wa mizani anayeingia dukani na kununua kilo moja ya sukari, kisha akaipeleka kuipima kwingine, hamtegi muuza duka aliye mwaminifu. Mpimaji hamshawishi mtu kubagua. Anauliza tu kama kuna nyumba, swali ambalo mwenye nyumba mwenyewe ameualika umma kuuliza alipotundika kibao chake.

Mbinu hiyo imewafikia hata wakubwa. Oktoba 1973, Wizara ya Haki ya Marekani iliishtaki kampuni ya Trump Management ya New York, pamoja na Fred Trump na mwanawe Donald, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, kwa madai kwamba weusi walikuwa wakinyimwa nyumba katika majengo yao. Miongoni mwa ushahidi mlikuwa na taarifa za wapimaji. Washtakiwa walikanusha, na mwaka 1975 shauri hilo likamalizwa kwa mapatano yasiyokuwa na ungamo lolote la kosa. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba tawi la New York la shirika la haki la Urban League lipewe orodha ya nyumba zinazokuwa wazi, ili liwaelekeze watu huko.

Na asidhani mtu kwamba hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka 2019 gazeti la Newsday lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliochukua miaka mitatu katika eneo la Long Island, karibu na jiji la New York. Wapimaji 25 waliwaendea maajenti 93 wa nyumba wakiwa na kamera zilizofichwa. Katika majaribio yaliyowahusu weusi, asilimia 49 yalionyesha dalili za kutotendewa sawa na Wazungu. Kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kusini kiwango kilikuwa asilimia 39, na kwa Waasia asilimia 19. Wengi wa waliopimwa hawakujua kwamba walikuwa wametendewa tofauti hadi walipoonyeshwa picha za wenzao.

Miaka mingi kabla ya sheria

Sheria ya mwaka 1968 haikushuka kama mvua. Mwaka 1917, chama cha NAACP kilishinda kesi iliyohusu jiji la Louisville, Kentucky, lililokuwa limepitisha amri ya kuwakataza weusi kuhamia mitaa yenye Wazungu wengi. Miji ilipopokonywa uwezo huo, ubaguzi ulihamia katika hati za viwanja. Majirani walitia sahihi maagano kwamba nyumba zao zisiuzwe wala kukodishwa kwa mtu mweusi, na mara nyingi maagano hayo yaliongeza, bila haya, kwamba watumishi wa nyumbani wanaruhusiwa.

Agano la aina hiyo, lililotiwa sahihi mwaka 1911 mjini St. Louis, ndilo lililozua kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer. Familia nyeusi ilinunua nyumba mwaka 1945, na jirani akaenda mahakamani kutaka waondolewe. Mei 3, 1948, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu binafsi wakiafikiana ubaguzi ni shauri lao, lakini hakuna mahakama ya umma itakayowasaidia kuutekeleza. Majaji watatu kati ya tisa walijiondoa katika kesi hiyo bila kutoa sababu. Inasemekana sana kwamba nyumba zao wenyewe zilikuwa chini ya maagano kama hayo.

Katika kesi ya Detroit iliyoamuliwa pamoja na ile ya St. Louis, wakili wa NAACP alikuwa Thurgood Marshall. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Mapema mwaka 1960, Marshall alikuwa Lancaster House mjini London, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika waliokuwa wakijadili katiba ya nchi hii, na ndiye aliyewaandalia rasimu ya sheria ya haki za kimsingi.

Alikuwa akiishauri nchi iliyoufahamu ugonjwa huo vyema. Nairobi ya mkoloni iligawanywa kwa rangi, Wazungu upande wao wa juu na penye miti, Wahindi upande wao, Waafrika wakirundikwa mashariki ya mji. Mwaka 1931, Mhindi mmoja mkazi wa Mombasa alifikisha malalamiko yake hadi kwa Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni. Alipinga serikali kunadi viwanja vya mji huo kwa sharti kwamba wanunuzi wawe Wazungu pekee. Alishindwa. Mahakama ilisema mwenye ardhi, yaani serikali, alikuwa na uwezo wa kuweka sharti hilo.

Turudi Marekani. Ushindi wa 1948 haukumpa mtu mweusi nyumba. Uliondoa tu kizuizi kimoja. Ndiyo sababu Januari 1966 Martin Luther King alihamia katika nyumba mbovu ya kupanga upande wa magharibi wa Chicago na kuanzisha kampeni ya makao pamoja na mashirika ya jiji hilo. Wanaharakati walituma watu weusi na weupe kwa zamu katika ofisi za maajenti na kuandika walivyojibiwa. Kisha wakaandamana katika mitaa iliyohusika. Agosti 5, King alipigwa jiwe kichwani katika eneo la Marquette Park. Mwisho wa mwezi huo jiji na wafanyabiashara wa nyumba walikubali kuketi mezani, na kutokana na mapatano hayo likaundwa Baraza la Uongozi la Chicago la makao yasiyo na ubaguzi, ambalo lilituma wapimaji na kufungua kesi kwa miongo minne hadi lilipofungwa mwaka 2006.

Mswada wa makao ulikwama bungeni mwaka huo wa 1966. King aliuawa Aprili 4, 1968. Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria hiyo Aprili 11, wiki moja baadaye, miji kadhaa ikiwa bado yafuka moshi.

Hata hivyo, wabunge waliipitisha baada ya kuing’oa meno. Wizara ya nyumba ilipewa uwezo wa kupatanisha tu, na fidia ya adhabu iliwekewa kikomo cha dola 1,000. Aliyebaguliwa aliachiwa mzigo wa kujitafutia wakili na ushahidi. Ni katika pengo hilo ndipo mashirika kama HOME yalipoota. Marekebisho ya mwaka 1988 yaliondoa kikomo hicho na kuwaongeza walemavu na familia zenye watoto katika orodha ya wanaolindwa. Wanawake walikuwa wameongezwa mwaka 1974.

Mkenya aliye ng’ambo

Mtu anayetoka Kisumu au Malindi na kufika Minneapolis au Dallas analindwa na sheria hiyo kwa njia zaidi ya moja: kwa rangi yake, kwa dini yake, na kwa nchi aliyotoka. Kulindwa huko hakutegemei uraia.

Kizuizi chake cha kwanza mara nyingi huwa simu. Mwanaisimu John Baugh, Mwamerika mweusi, alitambua alipokuwa akitafuta nyumba huko California kwamba aliyekaribishwa kwa bashasha kwenye simu alipokelewa kwa baridi alipofika. Akageuza jambo hilo kuwa utafiti. Alipiga simu kwa wenye nyumba wale wale akitumia lafudhi tatu, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 yeye na wenzake walionyesha kwamba katika mitaa yenye Wazungu wengi, sauti ya Kizungu ilipata miadi mingi zaidi kuliko sauti mbili nyingine. Salamu pekee ilitosha kumtambulisha mtu.

Anayeshuku kwamba ametendewa hivyo afanye nini? La kwanza ni kuandika, siku iyo hiyo, kabla kumbukumbu haijachujuka: saa, jina la aliyezungumza naye, maneno yenyewe, nambari ya nyumba iliyotangazwa. Ujumbe wa simu na barua pepe usifutwe, na tangazo lihifadhiwe kwa picha, maana matangazo hutoweka. Kurekodi sauti kwa siri kunahitaji tahadhari. Baadhi ya majimbo hukataza kumrekodi mtu bila ridhaa yake. Kisha ampigie simu shirika la makao la eneo lake mapema, wala asisubiri hadi apate nyumba kwingine na hasira zipoe. Shirika laweza kutuma wapimaji kesho yake, nyumba ikiwa bado wazi, na penye ushahidi wa kutosha wakili aweza kuiomba mahakama izuie nyumba hiyo isipewe mtu mwingine kwanza.

Malalamiko kwa wizara ya nyumba, HUD, sharti yafike katika muda wa mwaka mmoja. Kesi ya mahakamani ina miaka miwili. Kulalamika hakulipishwi. Aidha, ni kosa kwa mwenye nyumba kumwadhibu mpangaji kwa sababu alilalamika, jambo ambalo wageni wengi hawalijui na kwa hivyo hunyamaza.

Upo mwanya mmoja wa kujihadhari nao. Mwenye nyumba anayeishi katika jengo lake lisilozidi makao manne kwa kawaida ameondolewa katika sehemu kubwa ya sheria ya 1968. Ila hata yeye haruhusiwi kutangaza kwamba hataki watu wa namna fulani, na penye ubaguzi wa rangi ipo sheria kongwe ya mwaka 1866 ambayo haimpi nafuu yoyote.

Mashirika yenyewe hayako salama siku hizi. Juni 2024, katika kesi iliyohusu dawa ya kutoa mimba, Mahakama ya Juu ilisema uamuzi wa Richmond ulikuwa wa hali ya kipekee na usipanuliwe, na kwamba shirika haliwezi kujitafutia njia ya mahakamani kwa kutumia fedha zake tu. Februari 2025, serikali ilikatiza ghafla ruzuku za makumi ya mashirika ya makao, fedha zilizotoka katika mpango uliobuniwa mwaka 1987. Manne kati yao yalikimbilia mahakamani kupinga hatua hiyo. Shirika lisilo na fedha haliwezi kuwalipa wapimaji nauli.

Na hapa nyumbani?

Swali “wewe ni wa wapi?” si geni kwa anayetafuta nyumba Nairobi, Nakuru au Eldoret, na aulizaye hatafuti jina la mtaa. Mama anayelea watoto peke yake huulizwa aliko mume. Msichana Msomali huambiwa nyumba imechukuliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 familia nyingi katika mitaa ya mabanda zilifukuzwa na majirani zao, na zilipotafuta makao mapya zilikwenda walipo watu wao. Mgawanyiko ulioletwa na rungu ukaendelezwa na maajenti.

Kwenye karatasi, Mkenya ana silaha kali kuliko Mmarekani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, asili ya kikabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, dini, hata mavazi na lugha, na hakimfungi serikali pekee bali kila mtu. Kifungu cha 43 kinataja haki ya makao yanayofaa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi wa kikabila katika umiliki na usimamizi wa mali, na ndiyo iliyounda tume ya NCIC, inayopokea malalamiko kama hayo. Na lile suala lililochukua miaka minne kule Richmond, kama shirika laweza kushtaki, katiba yetu imelijibu katika Kifungu cha 22: mtu au chama chaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma.

Mashirika nayo yapo. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wanyonge kisheria tangu mwaka 1973, na kesi za wakazi kutimuliwa makwao zimewahi kufika Mahakama Kuu kwa jitihada za mashirika ya aina hiyo. Lakini kutimuliwa huonekana: kuna tingatinga, kuna vitanda barabarani, kuna kamera. Kuambiwa nyumba imechukuliwa hakuonekani. Kwa maoni yangu, kinachokosekana si kifungu kingine cha sheria bali mazoea ya kupima. Kazi hiyo ingekuwa ngumu zaidi huku kuliko Virginia, maana nyumba nyingi za kupanga hazitangazwi popote ila kwa mdomo wa bawabu, kodi haina karatasi, na mwenye ploti mara nyingi hajulikani hata na wapangaji wake. Mpimaji angelazimika kuanzia langoni, kwa yule anayeshika funguo, na kuandika kwanza jina lake na saa aliyomkuta.